Nilimnyima Ruhusa, Kisha Nikasema Hakuniomba

Nina miaka thelathini na sita, mkimbizi kutoka Kivu Kusini, mama wa watoto watatu. Ninayoyaandika hapa hata mume wangu sijamweleza yote...

Nyumbani ni Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, lakini kwa miaka minne nilifanya kazi Mbarara, katika kiwanda kidogo cha kufungasha maziwa upande wa Biharwe. Watu hawakukaa pale! Wiki hii anaingia mmoja, wiki ijayo wawili wameondoka bila kuaga. Kazi yao aifanye nani? Sisi tuliobaki. Msimamizi wetu naye alipokimbia, bosi akanipa nafasi yake. Nilifurahi... kumbe nimebebeshwa mzigo wa watu watano.

Usingizi ukanipotea. Nikisikia tu gari la bosi, moyo unadunda. Nikawa mkali, mimi niliyekuwa mpole!

Ndipo akaja Furaha, jirani yangu wa Nakivale. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwombea ile kazi. Alikuwa na mimba ya miezi minne, nami nilijua. Siku moja, wawili wakiwa wametoroka asubuhi hiyo, alinifuata ameshika tumbo, akaniita yaya, yaani dada mkubwa, kama kawaida yake.

"Yaya, tumbo inaniuma mingi. Uniache niende ku hospitali."

Nikamjibu, "Maliza kwanza hizo kreti. Ukienda wewe, nabaki na nani?"

Akarudi kwenye kreti. Haikupita saa moja, akaanguka sakafuni... damu! Mimba ikatoka.

Kesho yake bosi akaniita. "Huyo mama alikuomba ruhusa ama hapana?"

Wasomaji wenzangu, nilisema hapana! Nikaongeza kwamba alituficha mimba yake. Furaha akafukuzwa, mimi nikabaki na cheo.

Wiki tatu nilikaa na uongo ule. Mwishowe nikamwambia bosi ukweli. Mnadhani alikasirika? Aliniuliza tu kama nimeshapata mtu wa kuziba nafasi ya Furaha! Siku hiyo hiyo nikaacha kazi.

Nilimkuta Furaha uani kwake Nakivale akichambua maharage. Nikapiga magoti, nikalia. Hakuinua macho.

"Ule patron sikumujua, yaya," alisema, akimaanisha bosi. "Weye nilikuwa nakujua."

Hajanisamehe hadi leo, wala simlaumu.

Ndugu zangu, kazi inayokimbiwa na kila mtu ina sababu. Ikikulemea, sema mapema au ondoka, lakini usimtwishe aliye chini yako! Mgonjwa akikuomba ruhusa, mwache aende. Ile kazi ningeweza kuimalizia mimi. Mtoto wa mwenzangu nitamrudisha na nini?