Wimbo wa Kisima cha Bare

Haya yalimpata rafiki yangu Dekow, fundi wa injini ndogo pale Garissa, mtu asiyejua kutia chumvi. Ukame ulikuwa umekaza, na Bare, mfugaji wa huko Diff, alimwita amtengenezee pampu ya kisimani kabla ngamia wake hawajaisha wote.

Dekow alisafisha kabureta, akabadilisha plagi, akaona cheche inaruka. Petroli ilikuwepo. Akavuta kamba hadi bega likamuuma. Injini ikakohoa, ikazima. Ilikuwa mchana wa jua kali, lakini ndani ya kisima giza lilianza mita mbili tu kutoka juu.

Alipovuta tena, bila kufikiri akaanza kuimba wimbo wa kuteka maji, ule ambao wanaume huwaimbia ngamia wakipokezana ndoo kutoka chini.

Bare akamshika mkono. "Wallahi nyamaza, walaal, ndugu yangu! Hapa hatuimbi. Wanaume wanne walifukiwa humo wakiimba huohuo. Ndiyo maana nikanunua pampu."

Dekow akanyamaza. Wimbo ukaendelea.

Ulitoka chini, polepole, pamoja na mlio wa ndoo zikigongana. Ngamia wakainua shingo, wakajikokota hadi kwenye hori kavu. Dekow akazihesabu sauti, maana kila mtekaji huitikia kwa zamu yake. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne.

Ya tano ilikuwa ya Bare, naye Bare alikuwa amesimama kando yake, midomo ameifumba kabisa.