Jumapili Tuliyompandishia Mzee

Nilitoka kununua fyuzi tu. Jumapili, saa kumi na moja jioni, jua linashuka nyuma ya mapaa ya mtaa wetu wa Neza, na ndani ya kiwanda cha zamani cha barafu vijana mia tatu wanapiga miluzi, wanataka muziki. Serikali ilikuwa imefukuza roki kwenye kumbi zote za maana. Kwa hiyo sisi tulipiga humo, mchana, milango imekomewa kwa ndani, jasho likidondoka kutoka kwenye bati.

Niliporudi nilimkuta mzee amesimama mlangoni, kofia ya majani mkononi. Alinuka ubani... na nywele zilizoungua.

Aliniuliza kama mgeni huruhusiwa kuimba wimbo mmoja. Nikamwambia kwetu mgeni hakataliwi. Hiyo ni kweli. Bendi kama yetu ikimnyima mgeni jukwaa, mji mzima utaitema.

Sikumwambia yaliyobaki.

Yaliyobaki ni haya. Mgeni asiyejua kuimba tulikuwa tunampandishia. Mimi ndiye mwenye gitaa. Kila ubeti ukiisha nasogeza vidole mbele, muziki wote unapanda ngazi moja, na yeye lazima apande nao. Ngazi ya pili mishipa ya shingo inamtoka. Ya tatu anakwaruza kama kuku anayechinjwa, ukumbi unaangua kicheko, tunampokonya kipaza sauti. Ya tano hakuna aliyewahi kuifika. Sioni sababu ya kuficha: mchezo huo niliubuni mimi, na niliupenda.

Mwimbaji wetu alikuwa mdogo wangu, Nicandro. Watu walijaa kiwandani kwa ajili ya koo lake, si kwa ajili ya vidole vyangu. Jumatano iliyokuwa inakuja alikuwa ameitwa kurekodi santuri yake ya kwanza, na mama alikwisha kuwatangazia majirani mpaka wakamchoka.

"Mzee, unatuimbia nini, zaburi?" Nicandro akamtania, akimkabidhi kipaza sauti.

"Chochote mtakachopiga, mwanangu."

"Basi shika vizuri. Hiki kina umeme, si mshumaa."

Watu wakacheka. Nikaanza.

Ubeti wa kwanza aliimba hovyo, sauti kavu, kama mtu anayefukuza mbuzi. Nikapanda. Akapanda. Nikapanda tena. Ngazi ya tatu. Nikatulia nisubiri akwaruze.

Hakukwaruza.

Alinisogelea, akaniinamia sikioni. Midomo yake ilikuwa hapa, kwenye sikio langu... na kwenye spika sauti yake ilikuwa bado inaimba.

"Hapa ndipo alipokwama binti yangu," akanong'ona.

Nikakumbuka. Domitila, muuza majani ya mpungate, ile mboga ya miiba, sokoni. Alikuja Kwaresima iliyopita na gauni la kuazima, tukampandishia, akatoka mbio ameziba mdomo. Baadaye nilisikia kwamba tangu siku ile hasemi, hata jina lake hawezi kulitaja. Mimi nilisema asiyeweza kuimba na akae kwao.

Mwenye akili angesimamisha muziki pale pale. Mimi nilikasirika. Mzee huyu aje kunitisha mbele ya watu wangu?

Nikapanda ngazi ya nne.

Sauti ikapanda nami. Ikawa tamu. Ikawa... naijua.

Nikamtazama Nicandro. Amejikaba koo kwa mikono miwili, anatikisa kichwa. Acha. Acha. Nilidhani anaigiza, maana ndivyo alivyozoea kuwachekesha watu.

Nikapanda ya tano.

Nilisikia kitu kikikatika. Kidogo tu, kama uzi uliong'atwa kwa meno. Nicandro akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Hata pumzi yake haikusikika.

Ukumbi ukampigia mzee makofi.

Yeye alikuwa akitetemeka, uso umekuwa wa kijivu. Akanisukumia kipaza sauti kifuani.

"Wewe ndiye uliyempandishia binti yangu. Panda na wewe. Ukifika ya tano, mdogo wako atachukua chake. Si lazima iwe tamu. Ifike tu."

Nicandro alikwisha kunivua gitaa. Alijua kulipiga, nilimfundisha mwenyewe. Akaanza.

Ngazi ya kwanza niliiweza. Ya pili macho yakanitoka. Ya tatu sauti ikanipasukia kooni, na ukumbi wote ukalipuka. Mtu akalia kama kuku. Ganda la chungwa likanipiga shavuni. Nicandro akasogeza vidole ngazi ya nne, machozi yanamtiririka, ananiashiria kwa kichwa: njoo, kaka, njoo. Zilibaki mbili. Ningebweka tu kama mbwa, zingetosha.

Nikazitazama zile nyuso. Miaka mitatu zilikuwa zinanishangilia. Sasa zinanicheka.

Nikakitupa kipaza sauti chini.

 Mzee akavaa kofia yake, akatoka akijishika kuta.

Daktari alimulika koo la Nicandro akasema ni safi, kama la mtoto. Mama akawasha mishumaa kwa kila mtakatifu anayemjua. Jumatano ikaja, ikapita. Nicandro akajitundika shingoni daftari na penseli, na hakuniandikia hata tusi moja. Afadhali angenitukana.

Wiki ya pili nilikwenda sokoni kumtafuta yule mzee. Nilikuwa tayari kumpigia magoti. Nikapita vibanda vya pilipili, vya vitunguu... na nyuma ya lundo la majani ya mpungate nikasikia naitwa.

"Cuco."

Jina hilo naitwa nyumbani tu. Na iliyoita ni sauti ya Nicandro.

Nikageuka. Domitila, kisu mkononi, anaparua miiba.

"Baba tulimzika Jumanne," akasema. Sauti ya mdogo wangu, mpaka ule mkwaruzo mdogo mwishoni mwa neno. "Alipanda hadi ya tano. Moyo haukuweza kushuka. Utachukua kilo ngapi, Cuco?"

Nikauliza kama inaweza kurudi. Alinitazama kwa utulivu, akacheka. Kicheko cha Nicandro kile kile, cha kuanzia puani.

Sikumbuki njia niliyopita kurudi nyumbani. Nicandro alikuwa mezani. Akaandika: *Umempata?*

Nikamwambia hapana. Sokoni hakuna anayemfahamu.

 Akainamisha kichwa aandike tena.

Mlango ukagongwa. Taratibu, mara mbili.

"Cuco," ikasema sauti nje, kwa upole kabisa. "Umesahau mboga zako."

Penseli ikasimama juu ya karatasi. Jikoni mama akaangusha sufuria, akaita jina la Nicandro, anacheka na kulia kwa pamoja, na miguu yake ikaanza kukimbilia mlangoni.