Tawi la Mwisho

Siku ile dukani walikuwamo Bi Nazneen mwenye duka, Sihaba aliyeandika programu, mumewe Muzammil aliyefunga kamera mlangoni, na Lulu, binti yao wa miezi saba, mgongoni kwa mama yake. Hakuwapo mwingine.

Bi Nazneen ameuza vitambaa Bagamoyo tangu usichana wake. Macho yalipomwishia, kilichomuuma ni aibu ya kumkalia kimya mtu mzima, au kumwamkia mtoto shikamoo. Sihaba akamtengenezea mashine ya kumtajia kila anayeingia. Hakusahau siku uchungu ulipomshika mle dukani, na bibi huyu akakata kitambaa kipya cha kumpokelea Lulu.

"Inaamuaje?" aliuliza Bi Nazneen.

"Kama ni mtu mzima, inasema mtu mzima ameingia. Kama ni mtoto, inasema mtoto ameingia. Lakini lugha hii ya kompyuta ni kali, Bibi. Lazima nitaje mapema aina zote za wanaoingia, na kila aina niipe jibu lake. Nimetaja mtu mzima, mtoto, na asiyejulikana. Huyo wa tatu nisipompa neno, programu haikubali kwenda."

"Asiyejulikana ni nani?"

"Hakuna. Ni tawi la mwisho tu la programu, la kukamilisha orodha."

"Hata kama hakuna, usimwache mlangoni bila neno. Si adabu. Mwandikie karibu."

Muzammil akacheka. "Bibi atakaribisha mpaka mwizi."

"Mwizi ni mtu mzima, mjukuu wangu. Atatajwa."

Sihaba akaandika. Wakaijaribu. Alipopita mlangoni ikasema, "Mtu mzima ameingia." Alipogeuka, uso wa Lulu ukaelekea kamera: "Mtoto ameingia." Wote wakafurahi.

Siku ya tatu, adhuhuri, Sihaba na Lulu wakiwa dukani tena, jua likiwa utosini na barabara tupu, mashine ikasema, "Karibu."

Mlangoni hapakuwa na mtu. Pazia halikutikisika. Ilipita harufu tu, ya udi na udongo uliofukuliwa sasa hivi.

"Nani huyo, mwanangu?" Bi Nazneen alinong'ona.

"Hakuna mtu, Bibi."

"Yupo. Amekaa kwenye kiti cha wageni. Nasikia anavuta pumzi."

Lulu akakinyooshea mikono kile kiti kitupu, akacheka, na tangu hapo hakulia tena wala hakushika ziwa, siku ya kwanza, siku ya pili, maziwa yakimvuja Sihaba mpaka gauni likalowa, na kila alipomuweka mtoto kifuani, mtoto alitazama juu ya bega lake, kimya, kama anayemsikiliza mtu aliyesimama nyuma, na kila adhuhuri mashine ikasema tena, "Karibu."

Mzee Shuaibu, mganga, akaja kutoka Kerege. Alisoma dua, akafukiza ubani, kisha akaweka chetezo chini.

"Mimi simuwezi. Nyinyi mmemkaribisha wenyewe, kwa sauti. Amtoe aliyemwandikia."

Sihaba akalifuta tawi la mwisho. Programu ikagoma: aina moja haijapewa jibu. Ikabidi aandike jibu jingine: Samahani, hapa si kwako. Nenda kwa amani.

Adhuhuri ilipofika, mashine ikayasema maneno hayo. Kiti kikalia. Ile harufu ikamgusa Sihaba shavuni, polepole, ikatoka mlangoni. Lulu akapiga kelele, akashika ziwa kwa nguvu hata mama yake akalia naye. Bi Nazneen aliwapapasa wote wawili vichwani.

Kesho yake Sihaba alirudi dukani na chapati za kumshukuru Bi Nazneen.

"Mtu mzima ameingia."

Lulu akajigeuza mgongoni, akaitazama kamera.

"Samahani, hapa si kwako. Nenda kwa amani."

Muzammil aliing'oa mashine siku hiyo hiyo. Lulu sasa ana miaka minne. Kwenye mlango wowote, hata wa kwao, husimama kizingitini mpaka aambiwe karibu.