Upawa wa Maziwa Mabichi

"Jibini ya mama yangu haiharibiki ng'o!" nilimwambia mpishi wa hoteli, nimevimbisha kifua.

Kesho yake mpishi alirudi na ndoo yetu. Safari hii kilichovimba ni jibini.

Mimi na mama tunatengeneza mozarela, ile jibini laini ya Kitaliano. Tunapasha maziwa na kuyagandisha. Kisha tunauvuta mgando ndani ya maji ya moto mpaka ung'ae. Mwisho tunaufinyanga madonge meupe.

Mama alikata donge moja. Ndani lilijaa vitundu kama sifongo. Harufu yake sitaieleza, huenda unakula.

"Mama, wageni wangu wakiumwa tumbo nitawaambia nini?" mpishi aliuliza. "Nitaonja ya Ijumaa. Ikiwa hivi tena, nitatafuta kwingine."

Huyo ndiye mteja wetu pekee. Mama alikaa juu ya ndoo, ameshika tama.

"Maziwa napasha kila siku! Sasa hii ni nini?"

"Labda ng'ombe katununia," nikasema.

"Hebu nitokee hapa!"

Nikatoka, nikamwita jirani yetu, bibi afya wa mtaa.

"Fanyeni kama siku zote," alisema. "Mimi naangalia tu."

Mama alipasha maziwa hadi nyuzi sitini na tatu, akayaweka kwenye joto hilo nusu saa. Bibi afya aliridhika. Maziwa yakapoa. Mama akachukua upawa dirishani, tayari kukorogea chachu ya jibini.

"Weee! Simama hapo hapo! Upawa huo umetoka wapi?"

"Kwenye ndoo ya maziwa mabichi. Lakini nimeusuuza, jirani."

"Kusuuza hakuui vijidudu. Vya kwenye maziwa umeviua kwa moto, sasa unaleta vingine kwa upawa! Hivyo ndivyo vinavyotoa hewa na kuvimbisha jibini. Mtu akila, anaweza kuhara vibaya."

Mama alijishika mdomo. "Kumbe navibeba mwenyewe! Sasa nifanyeje?"

"Upawa huo ubaki na maziwa mabichi. Tafuta mwingine wa maziwa yaliyopashwa. Uoshe kwa sabuni, uchemshe, ndipo uutumie. Na vyombo vingine hivyo hivyo. Mikono nayo ioshwe kwa sabuni. Hata ya huyu mwenye maneno mengi."

Tukafanya hivyo.

Ijumaa mpishi alikuja, akakata donge. Ndani palikuwa peupe, laini, bila kitundu hata kimoja. Alitafuna. Akakata kipande kingine.

"Nachukua yote," alisema. "Na kesho mniletee tena."

Mama alishusha pumzi ndefu, akacheka huku anajifuta machozi kwa aproni. Kisha akakimbilia ndani kuleta ndoo.

"Kosa mliligunduaje?" mpishi aliniuliza.

"Ni mimi, kaka. Niliutupia upawa jicho moja tu, nikamwambia mama, 'Weka chini hiyo hatari!'"

Mpishi hakunitazama. Alitazama mlangoni, nyuma yangu.

"Endelea, daktari," sauti ya bibi afya ilisema. "Nami nijifunze."