Jina Lisilotajwa Nyumbani

Kila asubuhi Nyangi aliteka maji, akafagia ua, akanywa uji na kushika njia ya shule pale Machochwe. Akifika darasani tu, kichwa juu ya dawati. Alichoka hata kabla ya kipindi cha kwanza. Wenzake wa darasa la sita walimwita Bibi Usingizi.

Yote yalianza jioni moja wakati wa mavuno, tembo walipoingia katika shamba lao la mahindi. Kaka yake, Kisyeri, alikimbia kuwafukuza. Nyangi aliachiwa debe alipige ili majirani waje. Alipowaona tembo, mikono iliganda. Majirani waliposikia kelele za tembo na kufika, Kisyeri alikuwa ameshauawa.

Tangu mazishi, baba yao, mzee Ryoba, alikataza jina la Kisyeri kutajwa. Hata mama, aliyezoea kumwita mumewe Baba Kisyeri, sasa alimwita “wewe” tu. Nyangi akajua moja: wananilaumu. Maskini mtoto! Alilala na mzigo huo, akaamka nao.

Mwalimu Generoza alipochoka kumwamsha, alikwenda nyumbani kwao.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwalimu. Kama ni uvivu, mchape.”

“Si uvivu, mtoto anaumwa moyoni. Hospitali ya Mugumu yupo mtaalamu wa ushauri nasaha. Mpelekeni.”

“Aka! Kwa daktari wa vichaa? Binti yangu hajaanza kuokota makopo!”

“Mzee, mguu ukiteguka hungoji ukatike.”

Mama, aliyekuwa akichambua mboga kando yao, aliinua uso. “Baba Kisyeri,” alisema, na wote wakashtuka. “Huyu naye tutampoteza.”

Wiki hiyo hiyo mzee Ryoba alimpeleka Nyangi Mugumu.

Mtaalamu aliitwa Bi Winfrida. Hakugomba wala hakuharakisha. Aliuliza, “Kaka yako aliitwa nani?” Siku hiyo Nyangi alilia tu. Waliporudi mara nyingine, alisema kwa sauti ndogo, “Mimi ndiye niliyemuua. Sikupiga debe.”

“Hofu ikizidi, mwili huganda,” alisema Bi Winfrida. “Hukuchagua kuganda, Nyangi. Ungependa baba alisikie hili?”

Nyangi alikubali. Baba akaitwa ndani, akasikia.

“Mwanangu! Nani alikulaumu?”

“Mlinyamaza, baba.”

“Tulinyamaza tusikuumize. Mimi ndiye niliyemtuma kulinda shamba siku ile, na mimi nikabaki mnadani.” Mzee akajifunika uso kwa kofia yake, akalia mbele ya binti yake.

Uchovu haukuisha siku ile. Walirudi hospitali tena na tena. Nyangi alifundishwa kupumua taratibu hofu inapomjia, na kusema linalomsumbua badala ya kulimeza. Polepole usingizi wake ukatulia. Siku moja alinyosha mkono kwenye hesabu, akapata. Wenzake wakapiga makofi, nalo jina la Bibi Usingizi likafa.

Siku ya kuagana na Bi Winfrida, mzee Ryoba alimwambia binti yake, “Nilidhani kunyamaza ni ushujaa. Kumbe mficha maradhi, kifo humuumbua. Huzuni nayo ni maradhi, na wapo waliosomea kuitibu. Ikikuelemea, mwanangu, usione haya kwenda kwao.”

“Ndiyo, baba. Basi twende nyumbani.”

Mzee hakuinuka. Alivua kofia, akaiweka magotini.

“Tangulia nje kwa mama yako,” alisema. “Leo ni zamu yangu.”