Kuni za Kilio

Mdogo wangu Émerance, anayeniita Yaya, yaani dada, aliolewa na mwanaume asiye na mlango wa kubisha. Namsema Paluku, mtu wa Butembo, aliyenunua kamioneti kuukuu, akaifungia kitanda nyuma, pazia la maua na mbabula, jiko la makaa, kisha akatangaza kwamba hiyo ndiyo nyumba. Walilala humo na kula humo, wakiziba magurudumu ya malori yaliyotoboka kwenye njia ya Sakania. Kila walipopita kwangu mtaani Katuba niliwaambia kwamba konokono tu ndiye aliyeumbwa kutembea na nyumba. Paluku alicheka. Nilimpenda kwa kicheko hicho, ingawa sikumwambia.

Siku hiyo ilikuwa ya kawaida, jua la kiangazi na vumbi jekundu. Walikunywa chai kwangu, wakaondoka. Mchana njaa ikawauma na makaa yamekwisha. Mbele yao wakaona matawi yamelazwa barabarani. Kwetu hata mlevi anajua: matawi barabarani ni kilio, punguza mwendo, zima muziki, wenzako wamefiwa.

Paluku akasimama. Hapakuwa na turubai, wala viti, wala watu, ila nyumba moja ya matofali isiyo na paa. Akasema kilio kimeshakwisha, wenyewe wamesahau kuondoa matawi yao. Yalikuwa makavu kabisa. Akayavunja, akawasha moto kando ya barabara. Émerance alimkataza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na huyu hata la mkewe hakulisikia. Wakasonga bukari, ugali wetu, wakala.

Mwanamke mmoja akapita na beseni kichwani. Alitazama majivu. Hakusalimia.

"Mumepikia kilio ya bantu bengine," alisema kwa sauti ya chini. "Sasa iko yenu. Na kilio haiwezi kukaa bila mufu."

Akaenda zake. Paluku akacheka.

Mbele kidogo wakakuta lori limepasuka gurudumu. Dereva wake, Doudou, alikuwa mteja wao wa siku nyingi. Badala ya kuwapigia kelele za furaha kama kawaida yake, alivua kofia, akasogea polepole.

"Pole, papa. Ni nani alikufa?"

Paluku akamwambia hakuna aliyekufa.

"Sasa bale bamama benye banalia mule ndani," Doudou alinong'ona, "banalia nani?"

Paluku akafungua pazia. Kitanda kilikuwa kitupu. Lakini godoro lilikuwa limebonyea, mahali pengi, kama watu wamekaa wakibanana. Doudou alikataa gurudumu lake liguswe.

Baada ya hapo njia nzima iliwageuka. Walipokaribia soko, akina mama walifunika bidhaa na kuvuta watoto. Kijiji kimoja kiliwarushia mawe, kikawafokea wakazike maiti yao kwingine. Hakuna aliyewauzia hata maji. Ilipofika jioni, na wao wakaanza kusikia. Sauti za wanawake. Nyuma ya visogo vyao. Taratibu, bila kupumzika. Wakageuza gari.

Walinifikia kesho yake adhuhuri. Émerance aliingia jikoni kwangu, akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Yaya, banalia na jina," alisema. "Banaita Paluku. Usimuambie."

 Nikamwacha kwenye mkeka uani, akajilaza kwa uchovu, nami nikatoka kumtafuta shemeji. Nilimkuta langoni, ameketi kwenye usukani, injini inanguruma. Hakuwa na kicheko. Nilitaka kumwambia ashuke, tulitelekeze hilo gari, tumwite mchungaji. Yeye akatangulia.

"Yaya, banaita Émerance," alisema. "Namuacha kwako. Nitapeleka hii mbali na yeye, habatamupata."

Nikafungua mdomo. Gari likaondoka. Nilikimbia nyuma yake nikipiga kelele kwamba Émerance amesikia jina lake yeye, ni yeye wanayemlilia. Hakusikia. Pazia la nyuma likafunguka kidogo. Nyuso zilinitazama. Zilikuwa nyingi kuliko kitanda kile kingeweza kubeba. Hakuna hata moja iliyokuwa na machozi.

Nilirudi uani. Émerance alikuwa amelala vilevile, ubavu mmoja, mkono chini ya shavu. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa. Chote. Laini, kimepakwa mafuta, kama tunavyowanyoa wajane wetu. Sikuwa na wembe ndani ya nyumba. Nilipiga magoti nikapapasa mkeka, nikapapasa udongo. Hapakuwa na unywele hata mmoja.

Alifungua macho, akajigusa kichwa.  Akaanza kulia.

Gari lilikutwa kando ya ile nyumba isiyo na paa, limeegeshwa vizuri, funguo mahali pake. Paluku alikuwa kitandani. Waliomkuta wanasema hawakuwa na kazi ya kufanya: alikuwa ameshaoshwa, mikono imekunjwa, pamba puani.

Kiangazi kingine kimepita. Émerance anakaa nami, anavaa kitambaa kichwani hata ndani ya nyumba. Mimi ndiye ninayemsaidia kuoga, kwa hiyo najua. Nywele hazijaota. Na kila Jumamosi, siku ile aliyonyolewa, ngozi ya kichwa chake huwa na mafuta mapya.