Yaache Yalowe

Mama Dobi alianika mashuka ya wateja juu ya paa, kwenye waya mrefu. Zamani alifua akiimba. Siku hizi alifua kimya. Mumewe aliuawa na radi hapo hapo juu ya paa, akiwahi kuanua kabla ya mvua.

"Radi ile ilitumwa," alisema kila siku. Aliyemshuku ni wifi yake, dada wa marehemu. Salamu zilikatika.

Mchana ule joto lilikuwa kali. Wingu likapanda, likawa refu kama mlima. Ngurumo ikasikika kwa mbali.

"Mwanangu, kimbia ukaanue!" Mama Dobi aliita kutoka chumbani.

Binti akashika ngazi. Jirani yao, mfanyakazi wa kituo cha hali ya hewa, alikuwa amefuata mashati yake. Akamdaka mkono.

"Hapandi mtu!"

"Yakilowa utafua wewe?"

"Nitafua, shemeji. Ukisikia ngurumo, radi inaweza kukufikia, hata kama mvua bado."

"Radi hutumwa. Yetu imeshapita."

"Nani aitume? Hewa ya joto yenye unyevu hupanda. Juu kuna baridi, mvuke unageuka wingu. Wingu likirefuka sana, vipande vya barafu ndani yake hugongana, na umeme hujikusanya. Ukizidi, huruka hadi ardhini. Hiyo ndiyo radi. Hewa inayopitiwa na umeme huo hupata moto ghafla na kutanuka kwa kishindo. Hiyo ndiyo ngurumo."

"Na waya?"

Jirani akainamisha macho. "Umeme hupita kwenye waya hadi kwa aliyeushika."

Mama Dobi akaketi sakafuni. "Mimi ndiye niliyemwambia akimbie."

"Hukujua, shemeji."

"Kutojua hakumrudishi."

Mwanga ukajaza chumba. Kishindo kikatikisa sufuria. Binti akajificha kifuani mwa mama yake.

Ngurumo ya mwisho ilipopita, walisubiri nusu saa, kisha wakapanda. Waya ulikuwa umekatika. Shuka moja lilikuwa na tundu jeusi.

Mama Dobi alikwenda moja kwa moja kwa wifi yake.

"Wifi, haikutumwa. Nisamehe."

"Kumbe kaka yangu alikufia mashuka," wifi akasema, na wote wawili wakalia.

Sasa wanafua pamoja na kuanika kwenye kamba ya katani. Ngurumo ikisikika, wanaingia ndani na kufunga mlango.

"Mama, yanalowa!" binti husema.

"Yaache yalowe," hujibu wifi. "Tutayafua tena."